Sarafu Iliyomezwa na Simu

Kuna kisa kimoja cha Amos 'n' Andy ambacho ukikielewa, umeelewa kipindi chote. Andy, jamaa mzito wa kufikiri lakini mwepesi wa kuamini, anajikuta na sarafu ya zamani ya senti tano. Ni sarafu adimu, na watoza sarafu wako tayari kuinunua kwa dola 250. Rafiki yake, Kingfish, anafanya juu chini mpaka sarafu inahamia mfukoni mwake. Halafu anataka kupiga simu. Anatia mkono mfukoni, anachomoa senti tano na kuidumbukiza kwenye simu ya kulipia. Kling! Dola 250 zimemezwa na ukuta.

Nilicheka. Wewe pia ungecheka. Kisa hiki kilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1951, lakini mifupa yake ni ya redio, na redio ndiyo iliyokizaa kipindi chenyewe. Marafiki wawili hawana kitu, hela inaanguka kutoka juu, mmoja anataka kumla mwenzake, na mwisho wa siku wote wawili wanarudi mikono mitupu. Kwa zaidi ya miaka thelathini Wamarekani waliambiwa hadithi hiyo kwa namna mia tofauti, na hawakuichoka.

Swali langu ni rahisi: kwa nini sisi, vijana wa Nakuru wa leo, tusikilize kitu hicho? Na tukikisikiliza, tukisikilize kwa masikio gani?

Tuanze na walioongea. Kipindi kilianza Machi 1928 katika kituo cha WMAQ, Chicago, na mwaka uliofuata kikachukuliwa na NBC kikasikika nchi nzima. Ni hadithi ya Weusi wawili waliohama Kusini kwenda mjini kutafuta maisha, wakaanzisha kampuni ya teksi yenye gari moja lisilo na paa. Kampuni ikaitwa Fresh Air Taxicab, kwa sababu hewa safi ndiyo pekee waliyokuwa nayo kwa wingi. Lakini waliotoa sauti za Amos na Andy walikuwa Wazungu: Freeman Gosden wa Richmond, Virginia, na Charles Correll wa Peoria, Illinois. Miaka ya mwanzo wawili hao waliigiza karibu wahusika wote, kila jioni, dakika kumi na tano, kwa Kiingereza walichokivunjavunja makusudi ili kisikike kama cha mtu Mweusi asiyejua kitu.

Kabla ya redio, Wazungu waliotaka kuwachekesha wenzao kwa mgongo wa Weusi walijipaka masizi usoni na kupanda jukwaani. Redio iliwaondolea kazi hiyo, kwa sababu masizi sasa yalipakwa kwenye sauti. Kipindi kikapendwa kiasi kwamba kumbi za sinema zilisimamisha filamu ili watu wasikie redio kwanza, halafu filamu iendelee. Mdhamini, dawa ya meno ya Pepsodent, naye akacheka hadi benki.

Si kila mtu alicheka. Mwaka 1931 gazeti la Weusi, Pittsburgh Courier, chini ya mhariri Robert Vann, lilianzisha kampeni ya kukusanya sahihi milioni moja kukipinga kipindi. Miaka ishirini baadaye kilipohamia televisheni ya CBS, safari hii kikiwa na waigizaji Weusi, chama cha NAACP kilikipiga vita, na mwaka 1953 CBS ikaacha kutengeneza vipindi vipya.

Sasa ngoma inakuja nyumbani. Mwaka 1963, mwaka wetu wa Uhuru, CBS ilitangaza kwamba imeuza vipindi vile vya televisheni kwa nchi mbili za Afrika: Kenya na Nigeria Magharibi. Hebu fikiria. Bendera inashonwa, televisheni yenyewe imeingia nchini mwaka mmoja tu uliopita, na kati ya vitu vya kwanza tunavyouziwa ni kichekesho cha Wazungu kuhusu Weusi wasioweza kushika pesa. Muda mfupi baadaye afisa wa serikali ya Kenya akasema kipindi hicho kitapigwa marufuku hapa.

Mimi si shabiki wa marufuku. Katika nchi hii tumeona vitabu, michezo ya kuigiza na filamu zikifungiwa na watu ambao hata hawakuzisoma wala kuzitazama. Lakini hii moja naielewa. Tatizo halikuwa kwamba Andy ni mjinga. Wajinga wa kuchekesha tunao wetu, tena wengi. Tatizo lilikuwa hesabu iliyofichwa ndani ya kicheko.

Hesabu yenyewe ni hii. Kichekesho cha kila wiki kina sheria moja kubwa: hela ya ghafla lazima ife kabla ya kipindi kuisha. Lazima, kwa sababu wiki ijayo tunawahitaji watu walewale wakiwa na njaa ileile. Andy akitajirika kweli, kipindi kimekufa. Kwa hiyo kila hela inayoingia inatafutiwa tundu la kutokea: kwenye simu, kwa mwanamke, kwa wakili, kwa Kingfish. Kama mbinu ya usimulizi, hakuna ubaya. Lakini rudia mbinu hiyo miaka thelathini juu ya watu wa rangi moja tu, mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao hawajawahi kukaa meza moja na mtu wa rangi hiyo, na mbinu inageuka kuwa ushahidi. Msikilizaji analala akiamini kwamba watu hawa hata ukiwapa pesa wataipoteza wenyewe, basi usijisumbue kuwapa. Hapo hakuna anayekumbuka benki iliyowanyima mkopo, wala mwenye nyumba aliyewakatalia chumba, wala mwajiri aliyewafuta kazi wa kwanza.

Kuna ushahidi mwingine ndani ya kipindi chenyewe. Jina linaanza na Amos. Amos ndiye mchapakazi, dereva mwaminifu, baba wa familia. Lakini kufikia miaka ya 1940, kipindi kilipobadilishwa kuwa cha nusu saa kila wiki, Amos alikuwa amesukumwa pembeni. Jukwaa likachukuliwa na George Stevens, yaani Kingfish, mkuu wa chama chao cha Mystic Knights of the Sea. Kwetu tungemwita mwenyekiti wa chama, na kila Mkenya aliyewahi kuchangia chama anamjua: mwenyekiti mwenye suti moja, maneno elfu, na daftari la hesabu ambalo halionekani. Jasho la Amos halikuchekesha, kwa hiyo halikuuza dawa ya meno.

Hapo ndipo ninapotaka tugeuze kichwa, tutazame Dar es Salaam.

Waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam enzi zile watakuambia kuhusu Pwagu na Pwaguzi. Jina limetoka kwenye methali tuliyoikariri shuleni: pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi naye hukutana na mwizi aliyemzidi. Waigizaji wake, Rajab Hatia na Ali Keto, walicheza marafiki wawili wa mjini wasiopenda kazi lakini wanaopenda matunda yake. Kila mara kuna mpango, kila mara mpango unanukia hela, na mwisho mpango unawarudia wenyewe.

Ukiangalia haraka utasema ni Amos 'n' Andy kwa Kiswahili. Wanaume wawili, ujanja, pesa ya ghafla, sifuri mwishoni. Ukikaa kidogo unaona kwamba karibu kila kitu kimebadilika.

Kwanza, sauti. Hawa walikuwa Waswahili wakiwachekesha Waswahili kwa Kiswahili, na kicheko hakikuhitaji lugha ivunjwe ndipo kitoke. Kilitoka kwenye tabia: tamaa, uvivu, majigambo. Msikilizaji hakucheka watu wa mbali. Alicheka jirani yake, shemeji yake, na akiwa mkweli, nafsi yake.

Pili, hakuna Amos. Wote wawili ni matapeli, jina lenyewe limekwambia. Mwaminifu wa hadithi hayumo redioni, amekaa upande huu wa spika na kikombe cha chai mkononi. Huo ni ujanja mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu kipindi hakimhubirii msikilizaji. Kinampa cheo, kinamwambia: wewe ndiye uliyebaki na akili hapa.

Tatu, kifo cha hela kina maana nyingine. Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilikuwa ikijifundisha kwamba nchi hujengwa na watu na bidii yao, na kwamba pesa ni tunda la kazi. Mtu anayeishi kwa jasho la wenzake aliitwa mnyonyaji, na kufikia mwaka 1983, madukani pakiwa patupu, serikali chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine iliendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Katika nchi kama hiyo, mtu anayetaka hela ya haraka si kituko tu, ni hoja ya kisiasa. Hela ya Pwagu inapoyeyuka, redio ya taifa haisemi watu hawa hawawezi kushika pesa. Inasema pesa ya namna hii haishikiki. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo tofauti ya dharau na maonyo.

Nisije nikaipamba Dar kupita kiasi, maana redio ya serikali ina ugonjwa wake. Ni rahisi kumcheka tapeli mdogo wa Kariakoo kuliko mkubwa wa shirika la umma, na kichekesho kinachotoka kwa serikali kinajua pa kusimama. Kwa hadithi zetu za zamani mambo hayakuwa hivyo. Sungura anamchezea shere Fisi na Simba, walio wakubwa kwake. Abunuwasi anamtia aibu sultani. Ujanja unapanda juu. Kwa Pwagu na Pwaguzi ujanja unakwenda kando, wa sare kwa sare. Kwa Kingfish unashuka chini: anamla aliye dhaifu kumliko, na aliye dhaifu ni rafiki yake. Ukitaka kujua kichekesho kinamheshimu nani, angalia ujanja unaelekea wapi.

Kuna atakayeniuliza kuhusu sauti za kuazima. Je, mtu asiigize lafudhi ya mwingine kabisa? Kenya hii hatuwezi kujifanya watakatifu, maana nusu ya ucheshi wetu ni lafudhi. Na tulimpenda sana mzee mmoja aliyeishi kwa lafudhi ya kuazima: Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa Vitimbi, Mkikuyu aliyecheza Mjaluo hadi nchi ikasahau jina lake halisi. Kwa nini yeye hakututukana? Nadhani ni kwa sababu Ojwang' alikuwa mtu kabla ya kuwa lafudhi. Alikuwa na heshima zake, hasira zake, na ubishi wake na Mama Kayai. Na Wanjau mwenyewe aliishi kati ya watu aliowaigiza. Macho yake yalipougua, Wakenya wa kila kabila walichanga atibiwe, na alipofariki Julai 2015 hakuna aliyeuliza ni wa kabila gani ndipo alie. Gosden na Correll walimaliza kazi, wakarudi mitaa ambayo Amos asingeruhusiwa kupanga nyumba.

Nasema haya kutoka Nakuru, na Nakuru lafudhi si mchezo. Huu ni mji wa kila mtu, kutoka Bondeni hadi Kaptembwo, Kiswahili kina ladha kumi. Januari 2008, hapa na Naivasha, jina au matamshi yako yangeweza kukugharimu nyumba au uhai. Mtu aliyepitia hapo anajua kwamba kuiga sauti ya jirani kunaweza kuwa mapenzi, na kunaweza kuwa kidole kinachomnyoshea. Ukisikiliza vizuri utajua ni kipi.

Turudi kwa marafiki wetu, maana kuna kitu katika Amos 'n' Andy ambacho dharau yote ile haikuweza kukiua, na ndicho kinachonirudisha kwenye rekodi zake zilizojaa mtandaoni. Ni swali hili: kwa nini Andy humrudia Kingfish? Ametapeliwa juzi, jana, na leo asubuhi. Bado jioni anabisha hodi. Waandishi walitaka tuone ujinga. Mimi naona upweke. Andy ni mtu aliyehama kwao, yuko mji mkubwa, hana kazi ya maana, na Kingfish ndiye mtu pekee anayefurahi akimwona mlangoni. Anafurahi kwa sababu mbaya, sawa, lakini anafurahi.

Naye Kingfish, ukimsikiliza, haogopi umaskini. Umaskini amezoea, wanakula sahani moja. Anachoogopa ni Andy aomoke bila yeye. Hapo ndipo kipindi kinaposema ukweli ambao hata sisi tunaumung'unya. Ukiwa na mbogi yako, wote mmesota, kuna amani. Mnagawana sigara, mnaokoleana mia mbili, mnalipiana matatu. Siku mmoja wenu apate kitu kikubwa, hata kama ni kazi tu ya Nairobi, hewa inabadilika. Anayepata anaanza kuhesabu nani anampigia simu. Asiyepata anaanza kuhesabu siku ambazo hajapigiwa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na sasa naandika kwa malipo ya kipande. Kila mara kipande kikilipa vizuri naona nikishusha sauti nikikutana na wasee wa mtaa. Hakuna aliyenifundisha hivyo, hela ya ghafla huja na sauti yake ya chini. Kingfish ni katuni ya hofu hiyo, lakini hofu yenyewe si katuni.

Na hela ya ghafla sasa ndiyo ndoto rasmi ya kizazi chetu. Mwaka 2017 kijana mmoja wa Kenya alitabiri mechi 17 sawasawa, akalamba shilingi milioni 221. Tangu hapo kila kinyozi Nakuru ni mchambuzi wa ligi ya Ubelgiji. Mkeka unachanika Jumamosi, Jumapili unasukwa mwingine. Redio ileile iliyowaletea wazazi wetu michezo ya kuigiza jioni sasa inatuletea matangazo ya kubeti kati ya wimbo na wimbo, yanasomwa na mtangazaji mcheshi kwa sauti ya rafiki. Msikilize vizuri utamtambua: ni Kingfish, ila sasa ana leseni.

Tofauti ni kwamba ile sheria ya kichekesho haipo tena. Kwa Andy na kwa Pwagu, hela ilipopotea, kipindi kiliisha na wiki iliyofuata wakaanza upya na hali ileile. Sifuri ilikuwa sakafu. Kwetu sakafu imetobolewa. Fuliza ilipoingia mwaka 2019, simu ilijifunza kukupa hata usichokuwa nacho, na mtu anaweza kubeti pesa ambazo hajawahi kuzishika. Wiki ijayo haanzi sifuri, anaanza chini yake. Ndiyo maana sijasikia bado kichekesho kizuri cha Kenya kuhusu kubeti. Vipo vituko vya dakika moja, jamaa anarusha simu ukutani, tunacheka, tunasogeza kidole. Lakini kichekesho kamili, chenye marafiki wawili tunaowajua kwa majina, ambao tungewafuata wiki baada ya wiki, hicho bado. Nadhani waandishi wanaogopa swali la wiki ya pili: tukirudi, watakuwa wapi?

Naomba mtu akiandike. Akikiandika, aazime kutoka kote. Kutoka Dar achukue wahusika wasioonewa huruma wala kudharauliwa, na lugha inayochekesha bila kuvunjwa mbavu. Kutoka Harlem ya kuigizwa achukue jambo moja tu, ule urafiki unaouma, mtu kumrudia anayemla kwa sababu dunia haijampa mwingine. Mengine ayaache huko, pamoja na masizi.

Na aitazame upya ile sarafu. Katika kisa chote tunamcheka Kingfish kwa kuwa mwizi asiye na bahati, na Andy kwa kuwa zuzu. Wanakimbizana, wanalaumiana, na sisi macho yetu yako kwao, kama tulivyopangiwa. Hakuna anayekitazama kile kisanduku ukutani. Marafiki wawili wamebaki bila kitu, na dola 250 zimelala tumboni mwa mashine ya kampuni ambayo haikusema neno lolote kipindi kizima. Mwaka 1951 hiyo ilikuwa ajali ya kuchekesha. Leo, kutoka Rhonda hadi Free Area, kila sarafu yetu inaingia kwenye simu, na si kwa bahati mbaya.